Barua za Kumtembeza Papa

Wasomaji, kabla ya yote nawaomba mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Nilimaliza shule ya msingi tu, na hata leo sijui vizuri mahali pa kuweka h. Masikio yetu hapa Kisangani hayaisikii, na kalamu yangu huandika kile masikio yanachosikia. Tena naandika polepole sana. Ukurasa mmoja unanila Jumapili nzima. Lakini nimeandika barua nyingi kuliko vijana wengi wa umri wangu, na sababu yake ni mguu wa papa, baba yangu.

Papa ni planton katika nyumba moja ya biashara karibu na bandari. Planton ni mtu wa kupeleka barua za ofisi, kutoka kwa karani huyu kwenda kwa yule, kutoka bandarini hadi posta, kwa miguu, siku nzima. Ana kepi ya kaki, na kwapani ana daftari refu ambalo kila anayepokea barua lazima atie sahihi. Papa hajawahi kupoteza barua hata moja, wala kufungua hata moja. Husema kwamba planton anayejua kilichomo ndani ya barua ni sawa na mpishi anayeonja sahani ya mgeni njiani.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Noeli, tonton, mdogo wake papa, alimwazima baiskeli ili afike kazini bila kuchoka. Papa hakuwa mtu wa baiskeli. Kwenye mteremko wa kuelekea bandarini aliingia nayo mtaroni, na mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Walimfunga chokaa nyeupe ngumu, akakaa nayo wiki nyingi. Ilipokatwa, mguu uliotoka humo ulikuwa mwembamba, na papa alikuwa akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Munganga wa dispansari aliubonyeza huku na huku.

"Papa, mufupa umeshikana," alisema. "Lakini nyama imelala. Ukikaa nyumbani, mguu utabaki vile. Tembea kila siku. Leo avenyu moja, kesho mbili."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Pahali popote. Utembee tu."

Papa alimwangalia kama mtu aliyeambiwa atafune bila chakula.

Bwana wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Alituma karani atuambie kwamba kepi ya papa ingemngoja hadi siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka. Siku hiyo papa aje bila fimbo, apande ngazi za ofisi, apeleke barua posta na arudi kabla ya saa sita ya mchana. Akishindwa, kepi ingebaki kichwani mwa kijana aliyekuwa akiivaa kwa muda, kijana wa Isangi mwenye miguu mirefu. Nyumbani hatukulisema sana jambo hilo, lakini mama alianza kuhesabu Jumapili za Kwaresima kwa vidole.

Yeye ndiye aliyenichagua nitembee na papa. Kazi yangu kwa seremala huisha saa nane, ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili, mimi sisemi sana, na mama alifikiri kwamba kwa hiyo hatutapoteza wakati njiani. Alikosea.

Mtaa wetu ulipimwa kwa kamba. Kuna avenyu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili na kupita, zote zimenyooka, na kila lupango, yaani kiwanja cha nyumba moja, ina ua wa mianzi na jiko nyuma. Sisi tunakaa avenyu ya pili. Ukipita, watu walioketi mlangoni hukuuliza: "Munaenda wapi?" Si udadisi. Ni salamu, lakini ni salamu inayotaka jibu. Ukisema dispansari, watakupa pole. Ukisema soko, watakuagiza chumvi. Na kwetu neno "kutembea" maana yake ni kwenda kumwona mtu. Kutembea ambako mwishoni hakuna mtu yeyote, hilo hatuna neno lake.

Siku ya kwanza tulifika kwenye kona ya avenyu ya tatu, ambapo kuna mama mmoja anayekaanga mikate ya mafuta.

"Mbote, papa. Munaenda wapi?"

"Hatuendi pahali, mama. Tunatembea."

"Munatembea?" Aliacha kijiko ndani ya mafuta. "Kwa nani?"

"Hapana kwa mutu. Tunatembea tu."

"Bon," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefichwa jambo. "Iko sawa. Hata mimi niko na siri zangu."

Tulipokuwa tunarudi, wanawake wawili walikuwa wamekwisha kujiunga naye, na mmoja aliuliza kwa sauti ya kutosha kama papa anatafuta kiwanja ao anatafuta bibi wa pili. Kesho yake polisi alitusimamisha, akaomba buku la papa la utambulisho, akaligeuza kurasa zote. Alitaka kujua mtu mwenye kazi anazunguka kwa nini saa ile. Papa alieleza kuhusu mguu. Polisi akasema mtu mwenye mguu mgonjwa hukaa chini.

Siku ya tatu papa alikaa chini.

"Mimi si mbuzi," alimwambia mama. "Mbuzi ndiye anazunguka lupango za watu bila kutumwa. Mimi tangu ujana wangu naenda kama nimetumwa."

"Munganga amekutuma," mama alisema.

"Munganga hakunipa barua."

Alisema hivyo bila mzaha. Akakaa wiki nzima kwenye kiti chake, mguu juu ya sanduku, na jioni mguu ulikuwa unavimba. Mama alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Pasaka haitamungojea," alisema, akikiambia kinu.

Mimi siwezi kubishana na papa. Siwezi kubishana na mtu yeyote. Maneno yangu hufika mwenzangu akiwa amekwisha kwenda zake. Lakini lile neno la papa, kwamba hakupewa barua, lilikaa ndani yangu. Wiki ile ilipokwisha nilichana ukurasa wa daftari langu la zamani, nikamwandikia mama mudogo, ndugu ya mama, anayekaa avenyu ya nne. Niliandika kwamba sisi ni wazima, kwamba mama anauliza kama bata wake ameangua, na kwamba tunaomba jibu. Mistari minne. Nilianza nilipotoka kwa seremala, nikamaliza jua likiwa nyuma ya nyumba. Niliikunja, nikaandika jina juu, nikaiweka juu ya goti la papa.

"Papa, kuna barua."

Aliitazama mbele na nyuma. "Ya nani?"

"Ya mama mudogo."

"Ni ya haraka?"

Sikuwa nimefikiria hilo. "Ndiyo."

Papa alisimama. Aliomba koti lake. Kisha akaomba daftari, na kwa kuwa lile la kazi lilikuwa ofisini, alinifanya nipige mistari katika daftari langu: siku, mpokeaji, sahihi. Akaliweka kwapani, akashika fimbo, tukatoka. Mama wa mikate aliuliza tunaenda wapi, na papa akajibu bila kusimama, "Kupeleka barua," na mtu mmoja aliyekuwa ameegesha baiskeli njiani akaisogeza.

Mama mudogo hajui kusoma. Alimwita mtoto wa jirani asome, akacheka, akaweka alama ya msalaba katika daftari pale papa alipomwonyesha. Alimwambia akae. Papa alikataa kukaa.

"Jibu?"

"Waambie bata ameangua saba."

"Planton habebi maneno ya mudomo. Andikeni."

Mtoto wa jirani akaandika. Tulirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani yake neno moja: saba. Mama alilisoma mara tatu, akiliweka mbali na macho kama vile ni habari ndefu.

Basi ikawa hivyo. Kila siku barua moja, na kila siku chache avenyu moja zaidi. Nilikuwa nikitoka kwa seremala na vumbi la mbao kwenye nyusi, na papa alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Barua iko tayari?"

"Bado, papa. Imebaki mustari moja."

"Kwa ofisi karani anaandika barua tano wakati wewe unaandika 'jambo'."

Hakuweza kungoja akiwa ameketi. Alizunguka lupango, kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye ua, akirudi kutazama juu ya bega langu umbali wa kutosha asisome. Nilipima siku moja kwa macho. Kwa uzito wa mkono wangu papa alikuwa ametembea avenyu moja nzima kabla hatujatoka.

Taabu yangu ilikuwa kupata la kuandika. Nani anaandika barua kwa mtu anayekaa karibu hivyo? Niliuliza kuhusu kikohozi cha mtoto. Niliuliza fundi mmoja jinsi ya kuziba bati linalovuja, ingawa nyumba yetu ilikuwa haivuji. Mzee mmoja wa avenyu ya saba, niliyemwuliza habari ya jino lake, alinijibu ukurasa mzima, pande mbili, akanichorea jino lenyewe. Nilijifunza kwamba watu hupenda kuulizwa. Na kidogo kidogo wakaanza kutupa karatasi zao. Mama wa mikate alikuja mwenyewe na barua ya kwenda kwa rafiki yake wa avenyu ya tisa, ina madoa ya mafuta.

"Kumbe ndiyo siri yenu," alisema. "Mungeniambia tangu mwanzo. Nilikuwa nimesema mambo mengi."

Katikati ya Kwaresima papa alikuwa anafika avenyu ya nane na fimbo. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Lakini bila fimbo alikuwa hajajaribu zaidi ya hatua kumi, na alikuwa amejipimia mwenyewe: ofisi hadi posta na kurudi, alisema, ni sawa na nyumbani kwetu hadi avenyu ya kumi na mbili na kurudi. Zilibaki wiki tatu. Ilihitajika barua ya avenyu ya kumi na mbili.

Huko tulimjua mtu mmoja tu, rafiki wa papa tangu utoto, mtu wa Yanonge kama sisi, anayetengeneza mashua. Sikuwa na la kumwuliza. Lakini mama alikuwa akitaka kuku wa mayai, na tulisikia kwamba kwao kuku ni wazuri. Na kwa sababu nilikuwa nimeandika barua nyingi kufikia siku ile, kiburi kidogo kilikuwa kimeniingia. Nilitaka maneno mazuri. Niliandika hivi:

"Papa wa heshima, nimesikia kwamba katika lupango yako kuna kuku jike mzuri, mtulivu, ambaye bado hana mwenyewe. Ikiwa ni kweli, tungefurahi sana aje kukaa kwetu. Tunaomba jibu."

Wasomaji wa kwetu wamekwisha kucheka. Kwa wengine nieleze. Wazee wetu wakienda kuomba binti hawasemi kwamba wamekuja kuomba binti. Wanasema wameona kitu kizuri katika lupango ya watu: ua, ao kibuyu cha maji, ao kuku. Na anayepeleka maneno hayo ni baba ya kijana, akiwa amevaa koti. Rafiki wa papa alikuwa na binti wa umri wangu. Mimi sikukumbuka. Nilikuwa nafikiria mayai.

Siku ile kazi ya seremala ilinichelewesha na papa alienda peke yake. Alirudi anachechemea kidogo tu, na harufu ya mvinyo wa mchikichi mdomoni.

"Wamenipokea muzuri sana," alituambia. "Wamenipa kiti yenye muto. Alisoma barua mara mbili, akamuita bibi yake. Akaniuliza, 'Wewe mwenyewe umeileta?' Nikasema, 'Ni kazi yangu.' Akanishika mukono, hakuuacha."

"Na jibu?" mama aliuliza.

"Watalileta wenyewe. Siku ya Mungu, nyuma ya misa."

Mama alifikiri kwamba Jumapili, baada ya misa, wangemleta kuku, akapika lituma, yaani ndizi za kupondwa, ya kutosha watu wawili. Walikuja watano. Rafiki wa papa alikuwa na tai. Kaka yake mkubwa alikuwa na kofia. Bibi ya rafiki na tantine wawili, shangazi za binti, walikuwa wamevaa vitambaa vya rangi moja. Kuku hakuwapo.

Mama aliwakaribisha, akaja nyuma jikoni nilikokuwa nimejificha wageni wasinione, kama kawaida yangu.

"Uliandika nini?"

"Kuku."

"Kuku namna gani?"

"Mutulivu."

Mama akaketi juu ya kinu.

Huko mbele kaka mkubwa alikuwa ameanza kusema. "Tulisikia ombi yenu. Kuku iko. Lakini kuku yetu alisoma. Anataka kusikia sauti ya mutu anayemuomba."

"Kuku alisoma?" papa aliuliza.

Tantine mmoja akaitoa barua kwenye kitambaa, akaisoma kwa sauti, polepole, na papa kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikia kilichokuwa ndani ya barua aliyoibeba. Alifumba macho. Kisha akaniita.

Nilisimama mbele yao. Najua nilikuwa na mikono miwili, lakini sikujua pa kuiweka.

"Ni kuku," nilisema. "Kuku ya kweli. Ya mayai."

"Ya mayai," tantine alirudia.

"Donc," alisema yule wa pili, "mutoto yetu hamumutaki."

Hakuna aliyecheka. Rafiki wa papa alikuwa anatazama ncha ya tai yake. "Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wa kazi," alisema, akasimama, na wote wakasimama. Lituma ilibaki imefunikwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sipendi kuiandika.

Papa hakunigombeza. Alipiga vidole juu ya daftari. Kisha alisema, "Neno nililolipeleka kwa miguu, nitalirudisha kwa miguu. Kesho asubuhi, mbele watu hawajaenda kazini. Andika. Na leo utanisomea."

Niliandika kwamba kosa ni langu, kwamba papa hakujua, na kwamba tunaomba msamaha wa nyumba yote. Nikamsomea. Alibadilisha neno moja.

Asubuhi mimi nilijitwika mkungu wa ndizi. Papa alimchukua jogoo wetu wa pekee, kwa sababu kwenda kuomba msamaha mikono mitupu haifai. Jogoo alitaka mkono mmoja, naye hakukubali kutulia. Barua na daftari vilitaka mkono wa pili. Papa aliitazama fimbo iliyoegemea mlangoni, akamtazama jogoo, akatoka.

Avenyu ya nne alipumzika kidogo. Avenyu ya saba alisimama, jasho linamtiririka, nikasema, "Papa, nipe jogoo." Akasema, "Aliyekosea anabeba." Nilitaka kumwambia kwamba aliyekosea ni mimi, lakini alikuwa amekwisha kuendelea. Sikuwahi kutazama mguu wa mtu kwa namna ile. Kila hatua nilikuwa nauambia moyoni: sasa hii, sasa hii nyingine.

Katika avenyu ya kumi na mbili binti mwenyewe alikuwa anafagia lupango. Hakuinua kichwa.

"Ndiyo wewe wa kuku mutulivu?"

"Ndiyo."

"Mimi si mutulivu."

Akaendelea kufagia mpaka karibu na miguu yangu.

"Tena mimi sikukubali. Nilimuambia papa: mutu anayetuma papa yake mugonjwa mbali hivi, na yeye iko na miguu mbili mizima, hapana. Nilitaka aje aseme mwenyewe ili nimukatalie muzuri."

Alicheka, na mimi, sijui ilitoka wapi, nikasema, "Basi nimekuja." Ni maneno mawili tu, lakini kwangu yalikuwa mengi.

Baba yake alitoka, akaisoma barua akiwa amesimama. Uso ulikuwa bado mgumu. Alitia sahihi katika daftari, akamrudishia papa, na hapo ndipo alipomtazama kutoka juu hadi chini.

"Fimbo yako iko wapi?"

"Sikuwa na mukono," papa alisema. "Nilikuwa na jogoo."

Yule mtu alianza kucheka polepole, akashindwa kujizuia, akalazimika kushika nguzo ya nyumba. Bibi yake alitoka kuona kuna nini. Tulikunywa chai, na papa alichelewesha kurudi mpaka mguu ulipopoa. Tulirudi na kuku jike wa mayai, waliyekataa tumlipie, na papa alimbeba yeye pia.

Siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka niliomba ruhusa kwa seremala, nikasimama ng'ambo ya barabara. Papa alipanda ngazi za ofisi akishika ukuta mara moja tu. Alitoka na bahasha, akaelekea posta. Nilingoja. Meli moja ya Basoko ilipiga honi, wapagazi wakashusha magunia, jua likapanda, na kwa kweli nilianza kuogopa. Kisha nikamwona anakuja, daftari kwapani, mwendo wake uleule wa zamani, mguu mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Saa sita ilikuwa bado. Kijana wa Isangi alivua kepi, akampa kwa mikono miwili. Yeye walimweka kwenye depo, na nasikia anapapenda.

Tangu siku hiyo papa hutembea kwa ajili ya ofisi, na jioni anataka kiti. Lakini watu wa mtaa hawakuacha kuandika. Jioni ya kwanza mama wa mikate alikuja mlangoni na karatasi yake.

"Na yangu ya avenyu ya tisa, nani atapeleka?"

Papa alinitazama. Nikachukua daftari.

Hivyo sasa ni mimi ninayetembea, kila siku, kutoka avenyu ya pili hadi ya kumi na mbili na kurudi, mvua isiponyesha sana. Mwanzoni kila mlango ulikuwa mlima, maana lazima niite, niseme barua ni ya nani, niombe sahihi. Sasa naita tu. Miguu yangu ikikosa siku moja, usiku haitulii. Na katika avenyu ya kumi na mbili kuna mtu anayetia sahihi kwa niaba ya baba yake, na huchukua muda mrefu kutafuta mstari mzuri. Sijamwandikia bado. Namletea za wengine, na tunasema kidogo.

Ninyi mliofika hadi hapa, nawaomba mniandikie. Niambieni barabara zenu zikoje, nani hupita jioni, na nini kinachowatoa nyumbani. Msione haya kwa mwandiko; wangu mmekwisha kuuona. Nitasoma kila barua, na nitajibu kila mmoja wenu, ila mtangojea kidogo, kwa maana mkono wangu haujajifunza haraka.